Je, Wajua? Kibla ya Kibera hupatikana kwa tanjenti kinyume

Tanjenti kinyume huanza na uwiano na kuishia kwenye pembe, na kwa hesabu hiyo hukokotolewa kibla, yaani mwelekeo wa Makka katika swala. Kibera, mtaa wa Nairobi ambako Wanubi, wazao wa askari kutoka Sudan, wameswali tangu mwanzoni mwa karne ya 20, iko latitudo 1.31° kusini, longitudo 36.78° mashariki. Makka iko 21.42° kaskazini, 39.83° mashariki. Vipimo hivyo vikiingizwa katika kanuni ya pembetatu za tufe, hutoka uwiano wa karibu 0.128. Pembe yenye tanjenti hiyo ni digrii 7.3: kaskazini, kuelekea mashariki kidogo. Kawangware, mtaa jirani, tofauti haifiki hata nusu digrii.

Uangalifu unahitajika hapa, kwani digrii 187.3 nazo zina tanjenti ileile, na huo ni upande wa Tanzania! Kikokotoo hutoa jibu moja tu, lililo kati ya −90 na 90. Kibera jibu hilo linafaa kama lilivyo. Madina, iliyo kaskazini mwa Makka, kikokotoo hutoa karibu −4. Ni lazima kuongeza 180 ili kupata 176, yaani kusini. Kinachoamua ni alama ya kiasi na ya asili katika sehemu inayotoa uwiano huo, si uwiano peke yake.

Kabla ya vikokotoo, mwanafalaki Al-Khalili wa Dameski alitunga majedwali ya kibla katika karne ya 14, yote kwa mkono, kazi inayostahili heshima kubwa.