Deni Hupimwa kwa Siku: Utangulizi wa Fedha za Mwanafunzi

Huenda umefika hapa ukiwa umechoka kuambiwa ujibane. Sitaanzia huko. Somo la fedha binafsi, yaani namna mtu anavyopata, anavyotumia, anavyoweka na anavyokopa fedha zake, halianzi na kujinyima. Linaanza na kalenda. Nimelifundisha miaka mingi, na bado hufurahi kumwona mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, aliyeapa kwamba hesabu si fani yake, akigundua kuwa kutoa na kugawanya vinamtosha kabisa.

Mwanafunzi wa Tanzania anayesomeshwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hupokea posho yake ya kujikimu kwa mafungu. Chuoni tunaiita bumu. Bumu huingia siku moja, njaa huja kila siku. Pengo hilo, kati ya siku fedha inapoingia na siku inapohitajika, ndilo msingi wa somo zima. Wakopeshaji wote, wa kadi, wa simu na wa mtaani, wanaishi ndani yake.

Tuchukulie umepokea shilingi 600,000 za siku 60. Ukiitazama kwa jumla utajiona tajiri. Igawanye, utakuta ni 10,000 kwa siku. Sasa nunua simu ya 250,000 siku hiyohiyo. Zimebaki 350,000. Ukiendelea kula kwa mama ntilie, kupanda daladala na kutoa kopi kwa 10,000 kila siku, utafika siku ya 35, na siku 25 zilizobaki hazina kitu. Hapa naomba utulie kidogo. Hukuishiwa siku ya 36. Uliishiwa siku ya kwanza, ila habari zilichelewa kukufikia.

Ndipo mkopo unapoingia. Kiasi unachopewa huitwa deni la msingi, na bei ya kukaa na fedha ya mwenzio huitwa riba. Lishike neno “kukaa”. Riba ni kama kodi ya chumba: ukitajiwa 50,000, huwezi kusema ni ghali au rahisi mpaka ujue ni ya mwezi au ya usiku mmoja. Huduma ya mikopo kwa simu ya M-Shwari ilipoanza Kenya mwaka 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5, nayo ni ya siku 30 tu. Ukiizidisha kwa miezi 12 unapata asilimia 90. Hiyo ndiyo riba ya mwaka, kipimo kinachotuwezesha kulinganisha mikopo yenye muda tofauti. Kadi za mkopo za Marekani, zinazosifika kwa kuwatesa vijana, mara nyingi hutoza asilimia 20 na kitu kwa mwaka.

Najua utauliza: “Mimi nakopa mwezi mmoja tu, mwaka unanihusu nini?” Ni swali zuri, na jibu lake ndilo sehemu ninayoipenda zaidi. Kopa 250,000 kuziba zile siku 25, kwa asilimia 7.5. Bumu lijalo likiingia, unalipa 268,750. Zinabaki 331,250, yaani siku 33. Safari hii hukununua simu wala kitu kingine, na bado una siku 27 tupu badala ya 25. Mkopo haukuziba pengo. Uliliburuta hadi kwenye bumu jipya na kulipanua. Utakopa tena, na ule mwezi mmoja utageuka mwaka bila wewe kuamua.

Ukishindwa kulipa kwa wakati, hali hubadilika. Ada mpya hutozwa juu ya deni la msingi pamoja na ada ya zamani. Hii huitwa riba juu ya riba. Kadi ya mkopo hufanya kazi hivyohivyo. Usiichanganye na kadi yako ya benki, inayotoa fedha zilizo zako tayari. Kadi ya mkopo hukulipia kwa fedha ya benki. Ukilipa deni lote kwa tarehe iliyopangwa, kwa kawaida manunuzi yako hayatozwi riba. Ukilipa kiwango cha chini tu ambacho benki inakitaka, salio linaendelea kuzaa. Marekani waliona uzito wa jambo hili: sheria ya mwaka 2009 inamtaka aliye chini ya miaka 21 awe na kipato chake au mdhamini kabla ya kupewa kadi, na ilikataza kuwavuta wanafunzi chuoni kwa zawadi.

Kwetu hatari iko kwenye programu za simu na mikopo ya mtaani ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Programu nyingine huomba kuona majina yote yaliyomo kwenye simu yako, kisha deni likichelewa huwaandikia ndugu na walimu. Nimewahi kupokea ujumbe wa namna hiyo kuhusu mwanafunzi wangu. Aliacha kuja darasani kwa aibu, na mpaka leo naamini aibu ile ilimwumiza kuliko deni lenyewe. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu za mikopo zisizo na leseni. Itafute kabla ya kubonyeza “kubali”.

Kwa mwanzo nakuomba zoezi moja. Bumu likiingia, lipa kwanza yasiyoahirishika, kama pango. Kinachobaki kigawanye kwa idadi ya siku hadi fungu lijalo, uongeze siku kumi, maana mafungu huchelewa. Acha kwenye simu fedha ya wiki moja tu. Nyingine iweke mahali ambapo kuitoa kunahitaji safari. Kila Jumapili jioni soma ujumbe wa miamala yako na uandike daftarini umebakiwa na siku ngapi. Andika siku, usiandike shilingi. Wiki nne zikipita, fungua sura ya kwanza ukiwa na daftari hilo mkononi, kwa sababu namba tutakazotumia humo zitakuwa zako.