Kwa nini mzee atembee huku akihesabu

Mzee anayelazimika kusimama ili ajibu swali njiani yuko katika hatari zaidi ya kuanguka. Utafiti uliofanyika Sweden na kuchapishwa mwaka 1997 uliwafuatilia wazee 58 wanaoishi katika makazi ya wazee. Kati ya 12 waliosimama walipozungumzishwa, 10 walianguka ndani ya miezi sita.

Kutembea na kufikiri hugawana umakini, nao umakini hupungua kadiri umri unavyosonga. Ndiyo maana wataalamu huunganisha mazoezi ya mwili na ya akili.

Mzee wa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, hahitaji mashine. Atembee na mjukuu mahali tambarare pasipo pikipiki, akihesabu kutoka 50 kurudi nyuma au akitaja majina ya samaki. Akiyumba, asimame, apumzike, kisha aendelee polepole.