Daktari wa mifugo anayewakodishia akina mama vitendea kazi

Mama lishe wa Manzese au fundi cherehani wa Tandika akienda benki kuomba mkopo, swali la kwanza huwa ni dhamana: hati ya nyumba iko wapi? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume, lakini mara nyingi hati, kama ipo, ina jina la mume au la baba.

Pengo hilo ndilo aliloliona Dk. Victoria Kisyombe, msomi wa udaktari wa mifugo. Alipofiwa na mumewe, alibaki na ng'ombe aitwaye Sero, ambaye maziwa yake yaliisaidia familia. Mwaka 2002 alianzisha kampuni ya Sero Lease and Finance (SELFINA), yenye makao yake Dar es Salaam.

Utaratibu wake ni ukodishaji. Mteja huchagua kifaa, kama cherehani, jokofu au mashine ya kusaga. Kampuni hukinunua, naye hukitumia huku akilipa kwa awamu. Kifaa chenyewe ndicho dhamana. Akimaliza malipo, kinakuwa mali yake; akishindwa, kinaweza kuchukuliwa. Biashara inaweza kulala, deni halilali.

Mwaka 2010 Taasisi ya Schwab ilimtunuku kwa kazi hiyo. Somo kwa wakopeshaji ni kwamba asiye na nyumba naye anakopesheka, ili mradi kifaa alichokodi kiingize fedha kabla ya siku ya malipo.