Rekodi za Monty Python, Trafalgar hadi Delta ya Rufiji

Rekodi ya Guinness ya bendi kubwa ya vifuu vya nazi iliwekwa London, si Kibiti wala Mafia. Tarehe 23 Aprili 2007 watu 5,567 walijaa uwanja wa Trafalgar, kila mmoja kashika vifuu viwili, wakavigonganisha kwa pamoja kufuata wimbo mmoja huku Terry Jones na Terry Gilliam wakiwaongoza. Walivunja rekodi ya New York ya mwaka uliotangulia. Vifuu 11,134 vililia siku hiyo katika mji ambamo mnazi hauoti.

Jones na Gilliam walikuwa wawili kati ya wachekeshaji sita wa kundi la Monty Python. Wengine ni Graham Chapman, John Cleese, Eric Idle na Michael Palin. Kipindi chao cha kwanza kilirushwa na BBC tarehe 5 Oktoba 1969, na hadi kinazimwa Desemba 1974 kilikuwa kimetimiza matoleo 45. Vifuu vinatokana na filamu yao ya mwaka 1975 kuhusu Mfalme Arthur. Fedha ilikuwa ndogo na farasi ni ghali, basi mfalme anakwenda kwa miguu akirukaruka kama aliyepanda, na mtumishi nyuma yake anagonganisha vifuu kutoa mlio wa kwato.

Mlio wenyewe kila aliyekulia Pwani anaujua. Nazi inafuliwa kwenye kifuo, inapasuliwa kwa mgongo wa panga, maji yanakingwa bakulini, kisha inakunwa kwenye mbuzi mpaka ubakie ukuta mtupu wa kahawia. Kifuu kikiwa bado na unyevu hutoa mlio mzito, uliofifia. Kianike juani, zikwangue nyuzi za makumbi zilizoganda mgongoni, ndipo ukivigonga viwili mdomo kwa mdomo utasikia kwato kwenye njia ngumu. Kwetu hakuna anayekiacha kikauke kwa ajili ya muziki. Kitatiwa mpini kiwe upawa au kata ya kutekea maji mtungini, au kitaingia jikoni kuchochea moto.

Mashabiki wa kundi hili nao wana rekodi yao, ya kuuchukulia mzaha kwa uzito usio wa kawaida. Katika filamu hiyo askari wa lindoni anahoji nazi ilifikaje Uingereza, na mabishano yanaishia kwa mbayuwayu: je, anaweza kuibeba? Mwaka 2003 shabiki mmoja alikaa chini na takwimu za mapigo ya mbawa, akakadiria kwamba mbayuwayu wa Ulaya huruka mita 11 kwa sekunde, yaani kama kilomita 40 kwa saa. Ndege huyo ana uzito wa gramu 20 hivi. Nazi iliyokomaa ikiwa na makumbi yake huzidi kilo moja. Mbayuwayu hao wa Ulaya huhamia Afrika wakikimbia baridi, na Tanzania ni moja ya nchi wanazofikia. Kwenye pwani ya nchi hii, Delta ya Rufiji, pamoja na Mafia na Kilwa, imo tangu 2004 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani, na msitu wake wa mikoko, hekta zipatazo 53,000, hutajwa kuwa mkubwa kuliko yote ya delta moja Afrika Mashariki. Mtu wa Nyamisati, huko deltani, angemaliza mabishano ya yule askari kwa maneno machache: nazi haina haja ya ndege. Inaelea. Makumbi yake ndiyo mtumbwi wake, na bahari imekuwa ikiisafirisha pwani hadi pwani kabla hata ya jahazi la kwanza.

Rekodi nyingine nazipitia mbio. Mwaka 2013 tiketi za onyesho la kwanza la kuungana kwao tena zilipotolewa, ukumbi mzima wa O2 jijini London uliuzwa kwa sekunde 43.5. Walipanda jukwaani Julai 2014, maonyesho kumi, wazee wenye miaka sabini na zaidi. Angani kuna sayari ndogo sita zilizopewa majina yao, moja kwa kila mtu, namba 9617 hadi 9622. Na lugha ya kompyuta iitwayo Python, ambayo vijana wetu wanaisoma vyuoni, haikupewa jina la chatu. Aliyeiunda, Guido van Rossum, alilichukua kwa kundi hili.

Rekodi ninayoithamini kuliko zote ni ya kumbukumbu. Mwaka 2009, kundi lilipotimiza miaka 40, ilitolewa filamu ya makala iitwayo Monty Python: Almost the Truth, vipindi sita vya saa moja moja. Mmoja wa walioitengeneza ni Bill Jones, mtoto wa Terry Jones. Watano waliokuwa hai walihojiwa upya, kila mmoja peke yake. Chapman, aliyekwishafariki, anasikika kupitia mahojiano ya zamani.

Mashabiki wamegawanyika juu yake, na nimewasikiliza wa pande zote kwa sababu kila upande una hoja. Wa kwanza wanasema ni ndefu mno kwa mtu aliyesoma vitabu vyao: visa vya siku za chuoni Oxford na Cambridge vinajulikana, kuondoka kwa Cleese kabla ya msimu wa nne kunajulikana, na George Harrison wa Beatles kuweka rehani nyumba yake ili filamu yao ya Life of Brian ipigwe picha Tunisia kunajulikana mno. Wanalalamika pia kwamba wachekeshaji wa kizazi kipya wanaletwa kusifu, na kila sifa inakula nafasi ya kichekesho ambacho kingeonyeshwa. Hapo nawaunga mkono. Carol Cleveland, mwanamke aliyecheza nao miaka yote, alistahili dakika zile kuliko mgeni yeyote.

Wa pili wanasema urefu ndio utamu, na hawa ndio wamenishawishi kabisa. Ukimpa mzee dakika tano atakupa kisa alichokisimulia mara mia. Ukimpa saa, ataanza kupishana na wenzake. Cleese anakumbuka ugomvi kwa namna yake, Jones kwa namna yake, na hakuna msimulizi anayeingia kusuluhisha. Ulevi wa Chapman, na jinsi alivyouacha kabla ya kuigiza kama Brian, unaelezwa na watu waliomwonea uchungu na hasira pamoja. Hicho huwezi kukipata katika makala ya dakika 30 yenye muziki wa kusisimua.

Hata kuwepo kwa kanda zao hakukuwa jambo la hakika. Miaka hiyo BBC ilikuwa na desturi ya kufuta kanda ili izitumie tena, na Terry Jones alisimulia jinsi walivyodokezwa kwamba zao zilikuwa njiani kufutwa, wakawahi.

Kati ya sita, aliyesafiri mbali kuliko wenzake ni Palin, na safari yake moja ina fundo lililofungwa hapa Rufiji. Mwaka 1914 meli ya kivita ya Ujerumani, Königsberg, ilijificha ndani ya delta, mikoko ikiifunika. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kupita kwenye vina vifupi, zikaletwa mbili za maji machache, Severn na Mersey, na ndege zikawa zinaelekeza mizinga kutoka juu. Shambulio la tarehe 6 Julai 1915 lilishindwa. La tarehe 11 likaimaliza. Wajerumani waliing'oa mizinga yake kumi wakaiburuta nchi kavu waendelee kupigana, na mmoja ulifika hadi Ziwa Tanganyika, ukafungwa kwenye meli Graf von Goetzen. Meli hiyo ndiyo MV Liemba. Mwaka 1991 Palin, akiwa katika safari ya kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ya Kusini kwa ajili ya kipindi cha Pole to Pole, alipanda Liemba kutoka Kigoma kwenda Mpulungu. Natamani njia yake ingepita hapa Kibiti.

Angefika, angekuta jambo ambalo kundi lake husifiwa kwa kuthubutu kulifanya. Chapman alifariki tarehe 4 Oktoba 1989, siku moja kabla ya miaka 20 ya kipindi chao. Katika hafla ya kumkumbuka, Cleese alisimama, akamwita marehemu majina ya kejeli, akatamka tusi zito na kudai kuwa ndiye wa kwanza kulitamka katika ibada ya kumbukumbu nchini Uingereza. Kisha Idle akawaongoza kuimba Always Look on the Bright Side of Life. Wengine walicheka huku machozi yanawatoka. Mwaka 2014 kampuni kubwa ya mazishi ya huko ilitangaza kwamba wimbo huo ndio unaoongoza kuombwa mazikoni.

Waingereza waliliona kama mwiko uliovunjwa. Katika misiba ya Pwani mtani ana haki hiyo tangu enzi. Anaingia akiigiza mwendo wa marehemu na kumtangaza kuwa alikuwa mchoyo, anaweza kuzuia jeneza hadi alipwe chochote, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Mjane anajikuta amecheka katikati ya kilio. Kama kuna rekodi ya kicheko kikongwe zaidi msibani, ishindaniwe huku, wala haihitaji kamera.

Lakini kamera inahitajika kwingine. Wachekeshaji Pwagu na Pwaguzi waliwakusanya watu kwenye Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) kabla nyumba nyingi hazijajua televisheni ni nini. Mchekeshaji Mzee Majuto aliondoka tarehe 8 Agosti 2018 na visa vya miongo kadhaa kifuani. Na tuna sita wetu: Joti, Masanja Mkandamizaji, Mpoki, Wakuvwanga, Mac Regan na Vengu, waliovuma kama Ze Comedy kwenye EATV, kisha wakahamia TBC na kuitwa Orijino Komedi baada ya mvutano juu ya jina. Taarifa zao za habari za uongo, Joti akigeuka bibi kizee, wanasiasa na wanamuziki wakiigwa hadi kikohozi, vilifanya mtaa mzima ukae mbele ya runinga moja.

Nao wapewe vipindi sita vya saa moja. Visijazwe wasanii wa leo wa kuwasifu. Waanze na mazoezi ya kabla ya umaarufu, nani alibuni mhusika gani, nani aliandika na nani alipinga. Mvutano wa jina upewe kipindi chake kizima, na mafundi wa kamera na washonaji wa yale magauni wahojiwe pia. Kila mmoja akae chumba chake, ili Joti aseme lake na Masanja apate nafasi ya kulikataa.