Wakikuambia kompyuta imesema riakta ni salama, uliza maswali haya manne

Wengi wetu tukisikia neno nyuklia tunafikiria bomu, Chernobyl na zile meme za samaki mwenye macho matatu. Lakini mpango wa Kenya si meme. Serikali iliunda kamati ya umeme wa nyuklia 2010, ikageuzwa kuwa bodi 2012, na tangu Sheria ya Kawi ya 2019 shirika hilo linaitwa NuPEA. Uyombo kule Kilifi ndiko kulitajwa kwanza, wakazi wakakataa, na 2024 maandamano yao yakakutana na polisi. Mwaka wa 2025 macho yakahamia Siaya, upande wa Rarieda kando ya Ziwa Victoria. Ratiba iliyotangazwa inasema ujenzi uanze 2027 na umeme utoke 2034.

Huku Ekerenyo, kaunti ya Nyamira, wasee wengi wanaona hiyo ni story ya watu wa ziwa. Mimi sioni hivyo. Mvua inayonyeshea majani chai yetu inategemea ziwa lilo hilo, na bili ya stima itakayolipa deni la mradi haitauliza kama unatoka Siaya ama North Mugirango.

Sasa, kuna jambo moja ambalo halisemwi sana kwenye mikutano. Hakuna mtu hujenga riakta ya ukubwa kamili halafu akaiharibu makusudi aone itakuwaje. Inajengwa kwanza ndani ya kompyuta. Programu inaiga moto wake, maji yake, bomba likipasuka, stima ikipotea. Halafu mtu wa tai anasimama mbele ya wananchi na kusema, "Tumefanya hesabu, ni salama." Swali langu ni rahisi: hiyo hesabu yenyewe imepimwa na nini?

Mizani ya majani chai

Mkulima yeyote wa Ekerenyo analijua swali hilo tangu utotoni. Umechuma tangu alfajiri, umefika kituo cha kununua majani, karani ametundika kapu kwa mizani, na mizani imesema kilo 14. Nyumbani ulihisi 15. Utafanya nini?

Kwanza utaomba lipimwe tena. Likisema 14, 14, 14, umejua mizani haiyumbi. Lakini hujajua kama inasema ukweli. Mizani inaweza kukudanganya kwa uthabiti kabisa, msimu mzima. Ili uijue, lazima utundike kitu ambacho uzito wake unajulikana tayari, kama lile jiwe la kilo 5 lenye muhuri. Likisoma kilo 4 na nusu, mambo yako wazi.

Kupima programu za nyuklia ni hiyo hiyo stori, ila hisabati imeongezwa. Nimetoka chuo mwaka wa pili karo ikiwa imekauka, kwa hivyo usiogope. Kama naelewa, wewe pia utaelewa.

Swali la 1: Hesabu imekatwa vipande vya ukubwa gani?

Dunia inabadilika bila kusimama, kompyuta inaenda kwa kuruka. Hapo ndipo kosa la kwanza huzaliwa. Toa simu, fungua kikokotoo, tulione kwa macho.

Kuna dawa ya nyuklia inaitwa teknetiamu-99m, hutumiwa hospitalini kupiga picha za mifupa na moyo. Kila baada ya masaa 6 hivi, nusu yake huwa imeisha. Kwa hivyo ukianza na 100, jibu la kweli baada ya masaa 6 ni 50. Hilo ndilo jiwe letu lenye muhuri.

Sasa jifanye kompyuta. Ukienda kwa hatua za saa moja moja, kila hatua unazidisha na 0.88448. Andika 100, zidisha mara 6. Utapata 47.88. Si 50. Umekosa kwa 2.12, kwa sababu ndani ya kila saa ulijifanya kasi ya kuoza haipungui, na kumbe inapungua.

Kata hatua ziwe za nusu saa: zidisha na 0.94224 mara 12. Utapata 48.97. Kosa sasa ni 1.03. Kata tena ziwe za robo saa: zidisha na 0.97112 mara 24. Unapata 49.49. Kosa ni 0.51.

Umeona mchezo? Ukikata hatua nusu, kosa nalo linakatika karibu nusu. Hicho ni kipimo tosha. Kila njia ya kukokotoa ina kasi yake ya kupunguza kosa, na hisabati inaitaja mapema. Kama njia inatakiwa kukata kosa mara 4 na programu yako inakata mara 2 tu, kuna mtu alikosea mahali kwenye kodi, hata kama majibu yanapendeza kwa grafu.

Kuna utamu zaidi. Chukua jibu la nusu saa, lizidishe na 2, toa jibu la saa moja: 97.94 toa 47.88 ni 50.06. Majibu mawili mabaya yamezaa moja zuri! Mbinu hii ilitolewa 1911 na Mwingereza Lewis Fry Richardson, yule ambaye baadaye alijaribu kutabiri hali ya hewa kwa mkono akiwa dereva wa ambulensi Ufaransa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wahandisi bado wanaitumia kukadiria kosa hata pale ambapo jibu la kweli halijulikani. Kwa hivyo mtu akikuletea jibu moja tu, la hatua za ukubwa mmoja tu, mwambie arudi akakate hatua nusu kwanza.

Swali la 2: Umerusha sarafu mara ngapi?

Programu nyingi za nyuklia hazikokotoi moja kwa moja. Zinacheza kamari. Mwaka wa 1946, Stanislaw Ulam alikuwa anapona ugonjwa huku akicheza karata peke yake. Akajiuliza uwezekano wa kushinda ni kiasi gani, akaona ni rahisi kucheza mara nyingi na kuhesabu kuliko kuumiza kichwa na fomula. Yeye na John von Neumann wakaipeleka mbinu hiyo kwenye nyutroni, ikaitwa Monte Carlo, kama ile kasino.

Programu inazaa nyutroni moja ya kubuni, inairushia sarafu: itagonga? itamezwa? itapasua kiini na kuzaa zingine? Halafu inayofuata, hadi mamilioni.

Shida ya kamari unaijua. Rusha sarafu mara 100, utapata vichwa 50, ukikosa ni kwa 5 hivi. Hiyo ni asilimia 5 ya marusho yote. Rusha mara 10,000 na utakosa kwa 50 hivi, ambayo ni nusu ya asilimia 1. Yaani umefanya kazi mara 100 zaidi ili kosa lipungue mara 10. Ndiyo maana jibu la Monte Carlo bila "ongeza au toa kiasi fulani" ni porojo.

Na kumbuka ile mizani. Kurusha sarafu mara nyingi kunaondoa kuyumba peke yake. Kama sarafu yenyewe imepinda, utapata jibu la uongo lenye uhakika mkubwa sana.

Swali la 3: Mmelinganisha na kitu gani halisi?

Hapa tukutane na herufi moja: k. Nyutroni za kizazi kimoja zikizaa idadi ile ile kizazi kinachofuata, k ni 1 na moto unakaa sawa. Chini ya 1 unazimika. Juu ya 1 unapanda.

Katika uraniamu-235, nyutroni kama 65 kati ya 10,000 huchelewa kutoka, zingine karibu dakika nzima. Kuchelewa huko ndiko kunampa mwendeshaji muda wa kushika usukani. k ikipita 1.0065 hivi, moto hausubiri tena zile zinazochelewa na mambo huenda mbio kuliko mkono wa binadamu. Kosa la asilimia 1 kwenye kapu la chai ni ubishi wa dakika mbili. Kwenye k, ni kubwa kuliko ile nafasi yote ya kupumua.

Kwa hivyo jiwe la muhuri la nyuklia lazima liwe sahihi sana. Mojawapo ni tufe la uraniamu lililotengenezwa Los Alamos, Marekani, miaka ya 1950, wakaliita Lady Godiva kwa sababu lilikuwa uchi, bila kifuniko chochote. Lina uzito wa kilo 52 hivi, kama gunia la sukari, lakini ni dogo kuliko mpira wa miguu. Kwa vipimo vile, k yake ni 1, na hiyo haikuwa nadharia, ilipimwa. Ukiipa programu yako vipimo vya Godiva na ikakuambia 1.02, programu yako ni mizani mbovu. Tangu miaka ya 1990 wanasayansi wa nchi mbalimbali wamekusanya maelfu ya majaribio kama hayo kwenye kitabu kimoja, mtu yeyote makini ajipime nayo.

Upande wa maji na mabomba kuna jiwe lingine. Huko Idaho, Marekani walijenga riakta ndogo iliyoitwa LOFT na kuinyima maji makusudi, kwa vipimo, ili waone kama programu zao zilitabiri vizuri.

Kosa lililopatikana halifichwi, linajumlishwa. Marekani, kwa mfano, bwawa la kuhifadhia fueli hutakiwa k yake isipite 0.95 hata baada ya kuongeza makosa yote ya programu. Mkulima mwenye mizani isiyo sahihi lakini anayejua imepotoka kwa kiasi gani, bado anaweza kufanya biashara. Asiyejua ndiye ataumia.

Swali la 4: Ni kitu gani mmekiacha nje?

Hapa ndipo watu wenye akili nyingi wameanguka. Tarehe 1 Machi 1954, Marekani ililipua bomu la Castle Bravo katika visiwa vya Marshall. Hesabu zilitarajia karibu megatani 6. Ikatoka 15. Kujumlisha hakukuwa na shida. Walidhani aina moja ya lithiamu iliyokuwa ndani haitachangia kitu, ikachangia sana. Majivu ya sumu yakawaangukia wakazi wa Rongelap na wavuvi 23 wa mashua moja ya Kijapani. Watu hao hawakuwahi kuulizwa kuhusu hesabu ya mtu yeyote.

Miaka 25 baadaye, tarehe 28 Machi 1979, riakta ya Three Mile Island iliyeyuka sehemu ya ndani. Watafiti walikuwa wametumia nguvu nyingi kuiga bomba kubwa likipasuka. Kilichotokea ni valvu moja iliyokwama wazi, tundu dogo tu, na maji yakavuja polepole huku wahudumu wakidhani yapo mengi. Programu inajibu swali uliloiuliza. Ukiliacha swali nje, haitakukumbusha.

Hii inatuhusu vipi?

Kenya ina mamlaka ya kudhibiti mambo haya, KNRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Siku kampuni ya nje italeta ramani ya riakta na rundo la matokeo ya kompyuta, KNRA ndiyo itakayosema ndiyo au la. Kwa hivyo swali kubwa kuliko "nyuklia ni nzuri ama mbaya" ni hili: tutakuwa na Wakenya wangapi wanaoweza kurudia hizo hesabu wenyewe, kwa programu nyingine, bila kumtegemea muuzaji? Ukienda sokoni na muuzaji ndiye mwenye mizani, jiwe na kalamu, umeshapunjwa kabla hujafungua mfuko.

Tuna mahali pa kuanzia. Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha sayansi ya nyuklia kwa miongo kadhaa, na Wakenya wamepelekwa Korea Kusini kusomea uhandisi huo. Programu zenyewe pia si siri zote. MCNP ya Los Alamos hutolewa kwa masharti makali, lakini kuna OpenMC, iliyoanzia chuo cha MIT, ambayo ni ya bure na kodi yake iko wazi kwa yeyote kusoma. Laptop ya kawaida yenye Linux inatosha kuigiza Godiva. Ukiwa na simu tu, anza na Python na ile hesabu ya teknetiamu, kisha ukate hatua hadi uone kosa likipungua mbele yako. Kuna vijana kibao Ekerenyo walipata A ya hesabu na sasa wako kwa boda wakingoja abiria. Kazi ya kukagua mizani ya wakubwa inawafaa.

Katiba ya 2010 inasema umma ushirikishwe. Kushirikishwa si kupewa soda na fulana. Siku mkutano utaitwa, iwe Siaya ama kwingine, mtu mmoja ainue mkono aulize: hatua mlikata mara ngapi, kosa lenu ni kiasi gani, mlilinganisha na jaribio gani, na ni nini hamkuiga? Wakiwa na majibu, tutasonga mbele tukijua tunanunua nini. Wakikosa, mkutano uahirishwe hadi wayapate.