Mazingaombwe ya barabarani: kijana anayeanza aonyeshe kwanza kwamba si uchawi

Kijana anayetaka kucheza mazingaombwe mbele ya soko la Kenya huko Lubumbashi, au kwenye kituo cha basi cha mji mwingine wa Congo, anakutana na tatizo ambalo mwenzake wa Paris hana. Kule, kitu kikipotea mkononi, watu wanajiuliza: «Amefanyaje?» Hapa, wengine wanajiuliza: «Nguvu hiyo ameitoa wapi?» Swali hilo la pili ni hatari, na linaweza kumfuata mpaka nyumbani kwao.

Jambo hilo halikuanzia Afrika. Mwaka 1584, huko Uingereza, Reginald Scot alichapisha kitabu kikubwa cha kupinga mashitaka ya uchawi. Ndani yake alieleza namna wachezaji wanavyoficha mipira, wanavyokata kamba, na wanavyojifanya kujichoma kisu. Alitaka majirani wake waelewe kwamba mtu mwenye vidole vyepesi si rafiki wa shetani.

Wengine walitumia ufundi huo kinyume. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Jean-Eugène Robert-Houdin, mchezaji aliyekuwa na jina kubwa, kwenda Algeria. Alionyesha sanduku ambalo mtoto aliweza kulinyanyua, kisha mwanaume mwenye nguvu akashindwa kulisogeza. Chini yake kulikuwa na sumaku ya umeme. Serikali ilitaka wakaaji waogope wakoloni na waache kuwasikiliza marabu wao. Kijana wa Congo hana haja ya kuogopesha mtu. Anataka watu wacheke, washangae, watoe franga kidogo na waende zao kwa amani.

Kwa hiyo maneno ya kwanza yana uzito kuliko mchezo wa kwanza. Mfano: «Wababa na wamama, sina dawa. Niko na vidole kumi tu, na nimevifundisha kusema uongo.» Baada ya hapo, inafaa afichue siri moja ndogo. Anachukua kizibo cha chupa, anajifanya kukiweka katika mkono wa kushoto, kumbe kimebaki katika wa kuume. Anafungua mikono yote miwili, watu wanaona. Wachezaji wa zamani hawapendi kufichua siri, na wana sababu zao. Lakini mbele ya soko, siri hiyo moja ni kama kitambulisho: kila mtu ameona kwamba ni mikono.

Kizibo, ndiyo, si sarafu. Vitabu vingi vya wanaoanza, vya Ulaya na Marekani, vinafundisha kwa sarafu. Katika inchi ambamo watu wanalipa kwa noti tu, sarafu ni kitu kigeni, na kitu kigeni kinaleta mashaka. Kizibo kila mtu anakijua.

Noti zenyewe ziachwe katika mfuko. Kugeuza noti ya 500 kuwa ya 20 000 ni mchezo mzuri sana, lakini mahali pabaya. Wazee hawajasahau Bindo Promotion ya Kinshasa, iliyoahidi kuzidisha feza za watu na kuanguka mwaka 1991, na mpaka leo kuna matapeli wanaosema wanaweza «kuzalisha» dola. Kijana atakayeonyesha feza zikizidi atapata wateja ambao hakuwatafuta, na kesho watamdai.

Jambo la watoto ni zito zaidi. Katika Ulaya, kutoa kitu nyuma ya sikio la mtoto ni mchezo wa kawaida kabisa. Katika Congo, ambamo watoto wengi wamefukuzwa nyumbani kwa sababu waliitwa wachawi, mchezaji hapaswi hata kwa utani kusema kwamba mtoto «ndiye mwenye nguvu» au kwamba kitu kimetoka katika mwili wake. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 januari 2009 inayolinda mtoto inaadhibu mtu anayemshitaki mtoto kwa uchawi. Lakini sheria haikai usiku katika nyumba ambamo bibi ameanza kumtazama mjukuu kwa jicho lingine. Watoto wakae mbele, chini, wacheke. Wa kusaidia awe mtu mzima ambaye soko lote linamjua: dereva wa pikipiki, mama wa mikate, mtu ambaye wenzake watamcheka tu.

Hayo yakishapangwa, mchezo wenyewe hauhitaji vitu vingi. Anayeanza mara nyingi anakuja na michezo kumi na miwili, hajui hata mmoja vizuri. Mitatu inatosha kwa dakika kumi.

Wa kwanza uonekane kutoka mbali, maana bado hakuna watu. Kamba nyeupe inayokatwa na kuungana tena inafaa: ni rahisi kununua, na anayepita ng'ambo ya barabara anaiona. Kamba nyingine ilazwe chini kama duara, na watu waombwe wasogee mpaka vidole vya miguu viiguse. Huko Marrakesh, katika uwanja wa Jemaa el-Fna ambao UNESCO iliutangaza urithi wa binadamu mwaka 2001, wasimuliaji na wachezaji wamefanya kazi hivyo tangu zamani. Duara lenyewe, wanaloliita halqa, ndilo jukwaa lao. Ila duara lina shida yake: kuna macho nyuma ya mgongo. Kijana aegemee ukuta, awaache watu wakae mbele na pembeni tu.

Wa pili ni wa mtu wa kusaidia, na hapo kicheko kina kazi kuliko siri. Wa mwisho unaweza kuwa vikombe vitatu na mipira, mchezo ambao Seneca, mwandishi wa Roma, aliutaja karibu miaka 2 000 iliyopita. Mipira inapotea, inarudi, kisha vikombe vinainuliwa na chini yake kuna vitu vikubwa ambavyo hakuna aliyeona vikiingia. Huko Port Said, Misri, wachezaji walioitwa gali-gali walikuwa wakitoa vifaranga hai mbele ya abiria wa meli. Hapa malimau matatu yanatosha, na hayalii ndani ya mfuko.

Malimau yanaingia wakati watu wanatazama mahali pengine, na wanatazama pale anapotazama mchezaji. Mwaka 2006, watafiti Gustav Kuhn na Michael Land walipima jambo hilo kwa mpira ambao mchezaji alijifanya kuurusha juu. Alipoinua macho kuufuata, karibu theluthi mbili ya watazamaji walisema wameuona ukipanda, ingawa haukutoka mkononi. Alipoangalia mkono wake, walioona hivyo walipungua karibu nusu. Basi mazoezi ni ya macho pia. Kioo kinasaidia siku za kwanza, lakini kinazoesha kubaya: wengi wanapepesa jicho saa ileile ya kuficha, na hawajioni. Simu iliyowekwa juu ya kiti inaonyesha yote.

Kofia ipitishwe kabla ya malimau kutokea. Anayeomba baada ya mwisho anawaomba migongo. Aseme wazi kwamba hii ndiyo kazi yake, kwamba asiye na kitu abaki atazame, na kofia ishikwe na mwenzake anayejulikana. Mwenzake huyo aangalie pia mifuko ya watu. Katika mchoro maarufu unaohusishwa na Hieronymus Bosch, mtu ameinama kutazama mchezo wa vikombe, na nyuma yake mwingine anamwibia mfuko wa feza. Ni karne tano sasa, na wezi bado wanapenda duara la watu waliofungua midomo. Simu moja ikiibwa, lawama zitamwangukia mchezaji.

Kabla ya siku hiyo yote, chefu wa kartie na wakubwa wa soko wajulishwe, na wakitaka waonyeshwe mchezo wa kamba palepale ofisini. Kisha siku ya posho ya kwanza, saa za asubuhi, wakati jua bado dogo, mbele ya watu kumi na watano. Jioni, katika kaye, kijana aandike mahali ambapo watu walianza kuondoka: mara nyingi ni kati ya mchezo wa kwanza na wa pili, wakati alipokuwa anatafuta vitu katika sakosi.