Uchovu Usioonekana kwa Hadubini

Mwezi Mei 2024, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, zinazojulikana kwa kifupi kama NIH, ziliandaa kongamano la wazi la kuwaeleza wagonjwa, madaktari na umma matokeo ya utafiti wao kuhusu ugonjwa wa uchovu sugu, utafiti ulioanza kupokea washiriki mwaka 2016 na kuchapishwa Februari 2024 katika jarida la Nature Communications. Mkutano huo unaweza kuonekana kuwa mbali sana na Kibondo na Kasulu, ambako mtu anayelalamikia mwili kuishiwa nguvu hupimwa malaria kwanza na mara nyingi hukutwa nayo. Hata hivyo, ni maeneo machache ya Afrika Mashariki ambayo historia yake imefungamana na utafiti wa ugonjwa wa kunyong'onyea kama nyanda hizi za juu za Kigoma, kwa kuwa ndiko malale yalikopangua vijiji, yakachora upya ramani ya makazi na kuwaacha wenyeji wake, Waha, wakiujua vizuri mwili unaochoka bila kufanya kazi.

Ugonjwa wa uchovu sugu hautofautishwi na uchovu wa kawaida kwa ukali peke yake. Vigezo vilivyopendekezwa na Taasisi ya Tiba ya Marekani mwaka 2015 vinataka mgonjwa awe na uchovu unaompunguzia uwezo wa kufanya shughuli zake kwa muda usiopungua miezi sita, usioondolewa na mapumziko wala kusababishwa na kazi nyingi, pamoja na usingizi usioburudisha, na juu ya hayo awe na ama utata wa kufikiri na kukumbuka au hali ya kuzidiwa anaposimama. Dalili inayoutambulisha ugonjwa huu kuliko zote ni kwamba jitihada ndogo, iwe ya mwili au ya akili, humrudisha mgonjwa kitandani, na kwa kawaida kishindo chake hakiji papo hapo bali saa kadhaa baadaye au hata kesho yake, kisha hudumu kwa siku au wiki. Mkulima wa maharage anayelima nusu siku akachoka, akalala na kuamka akiwa na nguvu mpya, ana uchovu. Yule anayechota ndoo moja ya maji leo na kushindwa kuinuka kesho kutwa, mwezi baada ya mwezi, ana jambo jingine kabisa.

Shirika la Afya Duniani liliuingiza ugonjwa huu katika orodha ya magonjwa ya mfumo wa neva tangu mwaka 1969, lakini kuorodheshwa hakukuwaondolea wagonjwa shaka ya kuitwa wavivu au wenye matatizo ya kichwani tu. Huko Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulipendekeza mazoezi yanayoongezwa hatua kwa hatua, na kwa miaka 10 wagonjwa walihimizwa kujikaza, ingawa wengi wao walilalamika kwamba kujikaza ndiko kulikowaangusha. Mwaka 2021 chombo cha Uingereza kinachotoa miongozo ya tiba, NICE, kiliyaondoa mazoezi ya namna hiyo katika mapendekezo yake. Muongo mzima wa kuwaambia wagonjwa wafanye lile lililokuwa likiwaumiza ni deni kubwa la tiba, na ndiyo maana utafiti wa NIH ulisubiriwa kwa hamu na kwa wasiwasi pia.

Utafiti huo uliwachunguza kwa kina watu 17 ambao ugonjwa wao ulianza baada ya maambukizi, wakilinganishwa na watu 21 wenye afya njema. Katika mojawapo ya vipimo, washiriki walipewa kifaa cha kuminya kwa mkono tena na tena huku ubongo na misuli yao ikifuatiliwa. Kwa wagonjwa, nguvu ya kuminya ilishuka mapema, lakini misuli yenyewe haikuonyesha alama za kuchoka, na sehemu ya ubongo inayoamuru viungo iliendelea kufanya kazi kwa bidii. Kilichopungua ni utendaji wa eneo jingine la ubongo, lililo juu na nyuma kidogo ya sikio, ambalo watafiti wanaamini lina mchango katika kupima jitihada ambayo mwili uko tayari kuitoa. Majimaji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo yalikuwa na upungufu wa kemikali za jamii ya katekolamini, ambazo neva huzitumia kupashana habari, mapigo ya moyo yalionyesha kuvurugika kwa mfumo unaoendesha mwili bila mtu kuuamuru, na katika damu seli changa za kinga za aina ya B zilikuwa nyingi kuliko kawaida ilhali zile zinazotunza kumbukumbu ya maambukizi yaliyopita zilikuwa chache. Wanne kati ya wale 17 walipona wenyewe katika miaka iliyofuata.

Wagonjwa na baadhi ya watafiti hawakuyapokea yote haya kwa makofi. Watu 17 ni wachache mno kwa ugonjwa ambao uchunguzi wa afya wa Marekani wa miaka 2021 na 2022 uliukadiria kuwapata asilimia 1.3 ya watu wazima wa nchi hiyo, na usajili wenyewe ulikatizwa na janga la Uviko-19. Zaidi ya hapo, waandishi wa utafiti walizungumzia upendeleo wa jitihada, maneno yaliyowafanya wengi wahisi kwamba wanaambiwa kwa lugha ya maabara kuwa wanachagua kutojituma. Lawama hiyo ina haki yake, kwa sababu ubongo unaopokea taarifa potofu kutoka mwilini hauchagui, na mgonjwa haulizwi. Hata hivyo, kongamano lenyewe lilikuwa jambo jema, kwa kuwa matokeo ya kitaalamu yaliwekwa mbele ya watu waliotoa damu na maji ya uti wa mgongo ili yapatikane.

Historia ya Buha, nchi ya Waha, inasaidia kuelewa kwa nini suala la kuonekana na kutoonekana kwa ugonjwa lina uzito kiasi hiki. Malale husababishwa na tripanosoma, kijidudu chenye seli moja kinachosambazwa na mbung'o, ambao watu wengi huwaita ndorobo. Aina ya mashariki mwa Afrika, iitwayo rhodesiense, hujificha kwa wanyama kama pongo na ng'ombe, na humpata zaidi mtu ambaye riziki yake iko msituni: mrina asali anayelala porini siku kadhaa, mwindaji, mpasua mbao. Mahali alipoumwa huweza kuota kidonda. Hufuata homa, kichwa kuuma, viungo kulegea. Kisha kijidudu hupenya hadi kwenye ubongo na kuuvuruga mpangilio wa usingizi, hata mgonjwa akasinzia mchana na kukesha usiku, akabadilika tabia na kuchanganyikiwa. Bila tiba, aina hii huua kwa kawaida ndani ya miezi michache.

Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa huu uliua zaidi ya watu 200,000 nchini Uganda, na mwaka 1902 huko Entebbe, mtafiti Aldo Castellani aliviona vijidudu hivyo vikijinyonganyonga katika majimaji ya uti wa mgongo wa mgonjwa, jambo ambalo mtafiti mwenzake David Bruce aliliunganisha na mbung'o mwaka uliofuata. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kudai kwa haki kwamba mtu anayesinzia juu ya jembe amelegea kwa hiari yake, kwa maana ushahidi ulikuwa chini ya kioo cha hadubini na yeyote angeweza kuinama akautazama.

Upande wa Tanganyika, Kibondo na Kasulu zilikuja kuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumizwa zaidi. Katika miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa Buha kutoka makazi yaliyotawanyika na kuwakusanya katika makazi makubwa yaliyofyekwa vichaka, ili mbung'o wakose kivuli. Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alieleza kwamba mbung'o walienea kwa sababu udhibiti wa watu juu ya mazingira yao ulikuwa umevunjika: sotoka ya miaka ya 1890 ilikuwa imemaliza ng'ombe, na vita na maradhi vilikuwa vimepunguza watu, hivyo msitu ukarudi mahali palipokuwa mashamba. Kwa Buha ni haki kuongeza kwamba vijana wengi waliondoka kama manamba kwenda mashamba ya mkonge. Kwa hiyo waliohamishwa kwa nguvu walikuwa wakilipia mara ya pili hasara ambayo hawakuisababisha.

Tiba nayo ilikuwa na ukatili wake, kwani dawa ya melasoproli, iliyotengenezwa kwa aseniki na kuanza kutumika mwaka 1949, ilipoza maradhi ya ubongoni lakini iliwaletea asilimia 5 hadi 10 ya wagonjwa mshtuko wa ubongo, na takriban nusu ya hao walikufa kwa dawa yenyewe. Afueni imechelewa hadi juzi: vidonge vya feksinidazoli, vilivyojaribiwa kwa wagonjwa 45 wa Malawi na Uganda, vilipata kibali cha kitaalamu cha Ulaya kwa malale ya rhodesiense mwezi Desemba 2023, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliviingiza katika mwongozo wake. Wagonjwa wa malale sasa ni wachache, ila Pori la Akiba la Moyowosi bado lina mbung'o na warina asali bado wanaingia porini, kwa hiyo mganga wa Kibondo anayesikia habari ya homa na usingizi wa mchana hana ruhusa ya kusahau.

Hapo ndipo ugumu wa uchovu sugu unapojitokeza kwa mazingira kama haya. Hauna kipimo cha damu wala picha inayouthibitisha, na hutambuliwa baada ya magonjwa mengine kuondolewa moja baada ya jingine. Kigoma, safari hiyo ni ndefu. Uchunguzi wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2017 uliukuta mkoa huu ukiongoza Tanzania Bara, karibu robo ya watoto wa chini ya miaka mitano wakiwa na vimelea. Ipo safura inayonyonya damu taratibu, upo upungufu wa damu wa wajawazito, kifua kikuu, Virusi vya Ukimwi, kisukari, homa ya papasi inayoondoka na kurudi, na sonona, ambayo hakuna sababu ya kushangaa kuikuta katika kambi za Nyarugusu wilayani Kasulu na Nduta wilayani Kibondo, ambako watu waliokimbia vita na machafuko ya Kongo na Burundi wameishi miaka mingi bila kujua kesho yao. Kila moja ya hayo lina tiba, na kumpa mgonjwa jina la uchovu sugu kabla ya kuyatafuta ni kumnyima dawa.

Kosa la upande wa pili ni kubwa vilevile. Utafiti uliofanywa katika hospitali mbili za Moshi na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, asilimia 60.7 waliandikiwa kuwa na malaria, ilhali vipimo makini viliithibitisha kwa asilimia 1.6 tu, huku baadhi yao wakiwa na maambukizi ya bakteria yatokayo kwa mifugo na wanyama wengine, ikiwemo homa ya Q, inayoletwa na mbuzi, kondoo na ng'ombe. Kigoma ina malaria nyingi kuliko Moshi, hivyo uwiano huo hauwezi kuhamishwa ulivyo, lakini onyo lake linabaki. Uholanzi ilipata mlipuko wa homa hiyo ya Q kati ya mwaka 2007 na 2010, zaidi ya watu 4,000 wakaripotiwa kuugua, na takriban mmoja kati ya watano alibaki na uchovu wa muda mrefu baada ya bakteria kuisha mwilini. Mfugaji wa Kasulu anayetibiwa malaria mara tatu kwa homa isiyo malaria, kisha akabaki hana nguvu, huambiwa kwamba malaria yake ni sugu, na habari yake huishia hapo.

Barani Afrika, uchovu huu umetafutwa mara chache mno. Utafiti wa Nigeria uliochapishwa mwaka 2007 ulikadiria kwamba asilimia 0.68 ya watu wazima walikuwa nao, kiwango kinachotosha kuondoa dhana kwamba ni ugonjwa wa matajiri. Sehemu ya uchunguzi wa ugonjwa huu haihitaji mashine za NIH. Mgonjwa hulazwa chali kwa dakika 10, mapigo ya moyo na presha vikapimwa, kisha husimama ameegemea ukuta kwa dakika 10 nyingine huku vikipimwa kila dakika. Mapigo ya mtu mzima yakipanda kwa 30 au zaidi kwa dakika na kubaki huko bila presha kushuka, akiona kizunguzungu na kutetemeka, kuna hitilafu halisi inayoweza kuandikwa kwenye faili. Mashine ya presha ipo hata katika zahanati, na saa ya mkononi inatosha kwa yaliyobaki. Ushauri unaofuata, wa kugawa kazi vipande vidogo na kusimama kabla ya nguvu kwisha, ni mgumu kwa mwanamke mwenye shamba la mteremkoni, kuni na watoto, na hautekelezeki pasipo mume, mama mkwe na majirani kuambiwa na mtu wa afya kwamba huyu anaumwa kweli.

Utafiti unaofaa zaidi kuigwa na Kigoma haukufanyika katika maabara ya mabilioni bali katika mji wa Dubbo, mji wa wakulima na wafugaji ndani ya Australia. Wagonjwa 253 waliopatwa na homa ya Q, kirusi cha Epstein-Barr au kirusi cha Ross River kinachoenezwa na mbu walifuatiliwa kwa mwaka mmoja, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita asilimia 12 walikuwa bado na uchovu uliowalemaza, kwa kiwango kilekile bila kujali kijidudu kilichoanzisha. Kilichotabiri nani angebaki mgonjwa ni ukali wa maradhi ya mwanzo, wala si tabia yake au hali yake ya akili kabla ya kuugua. Tanzania ina Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979 na yenye kituo Tabora ambacho kimeyafuatilia malale ya magharibi kwa miaka mingi. Kasulu na Kibondo zina hospitali za wilaya na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaozijua nyumba kwa majina. Kinachohitajika ni daftari la waliolazwa kwa homa, sampuli za damu zilizohifadhiwa vizuri, na mhudumu anayerudi kwenye nyumba hizo mwezi wa tatu, wa sita na wa 12 kuuliza kama aliyeugua ameshaweza kurudi shambani, na akienda shambani, siku inayofuata huamkaje.